Fedha Ziko Dodoma, Kipindupindu Kiko Kisiwani

Kila mlipuko wa ugonjwa unapotangazwa huku Kanda ya Ziwa, mwambaoni mwa Ziwa Victoria, mabishano kuhusu fedha za afya huanza upya. Wapo wanaosema fedha zote zikusanywe na kugawiwa na serikali kuu, kwa sababu ni serikali kuu peke yake inayoweza kuchukua shilingi iliyopatikana Dar es Salaam ikaipeleka kisiwani Ukerewe. Wapo pia waganga wafawidhi, madiwani na wananchi wa mialoni, wanakoshushia samaki wavuvi, wanaosema fedha zikitunzwa mbali hufika watu wameshazikwa. Mimi naona pande hizi mbili zinabishania mambo mawili tofauti. Wa kwanza wanazungumzia kukusanya, wa pili wanazungumzia kutumia. Utaratibu wetu umeyafunga mambo hayo pamoja: anayekusanya ndiye anayetoa ruhusa ya kila matumizi. Kwa maoni yangu hapo ndipo penye kasoro, na siku za kawaida haionekani vizuri. Huonekana siku ya dharura.

Tuchukue kipindupindu, ugonjwa tunaoujua sana kwenye mwambao huu. Mlipuko ulioanza Dar es Salaam Agosti 2015 haukuchukua muda kufika Mwanza. Mtu mzima wa kilo 60 aliyeishiwa maji kabisa anahitaji kiasi cha lita sita za dripu ndani ya saa tatu. Kwa chupa za nusu lita, hizo ni chupa 12 kwa mgonjwa mmoja, na baada ya hapo bado ataendelea kuharisha na kuhitaji nyingine. Wakiletwa wagonjwa kumi usiku mmoja kutoka mwalo ambako watu wanakunywa maji ya ziwa hilohilo wanalojisaidia kandokando yake, zinahitajika chupa 120 kabla hakujapambazuka. Zahanati huagiza dawa kwa kukadiria matumizi ya miezi iliyopita, na miezi iliyopita haikuwa na kipindupindu.

Sasa tazama anachoweza kufanya tabibu wa zahanati ya kisiwani saa hiyo. Anampigia simu mganga mkuu wa wilaya. Wilaya inaangalia stoo yake, ikipungukiwa inaomba mkoani. Akaunti ya kituo huenda ina fedha kidogo, lakini kila shilingi imeshapangiwa kasma katika mpango wa mwaka: hiki cha dawa, hiki cha ukarabati, hiki cha mafuta na posho za chanjo. Dawa ikikosekana Bohari ya Dawa (MSD), kituo kinatakiwa kupata kwanza uthibitisho kwamba haipo, ndipo kinunue kwa mshitiri, yaani muuzaji binafsi wa dawa aliyeteuliwa kwa ajili ya mkoa. Utaratibu wa mshitiri ulijaribiwa Dodoma mwaka 2014, ukaenezwa nchi nzima mwaka 2018, na katika siku za kawaida umesaidia sana, maana zamani kila kituo kilihangaika peke yake kutafuta dawa zilizokosekana. Lakini mgonjwa wa kipindupindu ana hizo saa tatu tu.

Juu ya hayo kuna suala la msamaha. Serikali ilipoanzisha uchangiaji wa gharama za matibabu mwaka 1993, iliweka pia utaratibu wa kuwasamehe baadhi ya watu: wajawazito, watoto chini ya miaka mitano, wazee wasio na uwezo, wagonjwa wa magonjwa sugu, na wagonjwa wa milipuko kama kipindupindu. Huo ni uamuzi wa haki na ninauunga mkono kwa moyo wote. Ila msamaha haukufungamanishwa na fidia kwa kituo kinachoutoa. Kituo kikitibu bure watu hamsini, hakuna anayekirudishia gharama za watu hamsini. Matokeo yake mzigo hurudi mlango wa nyuma, ndugu wa mgonjwa anapoandikiwa karatasi aende kununua glavu na dripu duka la dawa. Mwenye fedha ananunua. Asiye nazo anaanza kuzunguka kwa majirani, tena usiku, na duka la dawa lenyewe pengine liko kisiwa kingine.

Hata hivyo, anayesema tuachane na mfuko wa kitaifa hajautazama mwambao huu vizuri. Machi 2023 ugonjwa wa Marburg ulithibitishwa Bukoba Vijijini, mkoani Kagera. Waliougua walikuwa tisa, sita wakafariki, na tarehe 2 Juni mlipuko ukatangazwa kwisha. Januari 2025 ukazuka tena, safari hii Biharamulo, ukaua wote kumi waliohesabiwa kuwa wagonjwa, na tarehe 13 Machi nao ukatangazwa kwisha. Ni halmashauri gani ya kanda hii ingeweza kulipia peke yake mavazi ya kinga, kituo cha kuwatenga wagonjwa, vipimo, na watumishi wa kuwafuatilia kila siku mamia ya watu waliokutana na wagonjwa? Hakuna. Kazi ile ilifanyika kwa sababu fedha, wataalamu na amri vilitoka sehemu moja. Lakini hata hapo kuna jambo la kuzingatia. Mwaka 2025 sampuli zilipimwa kwanza katika maabara tembezi ya Kabaile, hukohuko Kagera, kabla ya kuthibitishwa Dar es Salaam. Chombo kilikuwa karibu na ugonjwa, ingawa fedha zake zilitoka mbali, na hali hiyo ndiyo ninayoitamani kwa zahanati pia.

Kuna hoja nyingine ya serikali kuu isiyokwepeka: halmashauri hazifanani. Nyamagana na Ilemela, jijini Mwanza, zina hoteli, masoko, maghala na viwanda vya minofu ya sangara. Buchosa na Ukerewe zinategemea ushuru wa dagaa na mazao. Tukisema kila halmashauri igharamie dharura zake kwa mapato ya ndani, tutakuwa tumeamua kwamba mtoto wa Mwanza mjini apate oksijeni na wa kisiwani asubiri. Zaidi ya hayo, mwaka mbaya wa afya mara nyingi ndio mwaka mbaya wa mapato. Kipindupindu kikiingia mwaloni biashara ya dagaa husimama, na ushuru nao husimama. Mfuko wa wilaya hukauka wakati uleule unapohitajika.

Tumeshalipitia jambo hili kwenye Mfuko wa Afya ya Jamii, CHF. Ulianza kwa majaribio Igunga mwaka 1996, kila wilaya ikiwa na mfuko wake. Wanachama walikuwa wachache na masikini, na wengi waliojiunga ni wale waliokuwa tayari wanaumwa. Mfuko mdogo wa namna hiyo hauwezi kuhimili hata upasuaji wa watu kadhaa kwa mwezi, sembuse mlipuko. Ndiyo maana CHF iliyoboreshwa ya mwaka 2018 ilipandishwa kutoka wilaya hadi mkoa, kwa mchango wa shilingi 30,000 kwa mwaka kwa kaya ya watu wasiozidi sita. Kukusanya kwenye kapu kubwa kulishinda kwa hoja na kwa uzoefu.

Ila kapu kubwa lina tabia ya kupanga mambo kwa kumfikiria mtu wa kawaida ambaye mwambaoni hatumpati. Mvuvi wa dagaa hufanya kazi usiku wa giza, kwa taa. Mbalamwezi ikiwaka hupumzika, na siku hizo mfukoni hamna kitu. Anahama kambi moja kwenda nyingine kufuata dagaa, mara nyingi bila mke wala watoto, akiwa na vijana wenzake wanne watano kwenye mtumbwi mmoja. Ukimwambia alipe mara moja kwa mwaka, kwa kaya, katika kijiji alichoandikishwa, umeshampoteza. Halafu yeye ndiye anayeugua kipindupindu wa kwanza, yeye ndiye mwenye hatari kubwa ya VVU, na yeye ndiye anayezama.

Mwezi Machi 2023 Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, NHIF, ulisitisha kuandikisha mtoto mmojammoja kwenye Toto Afya Kadi, iliyokuwa ikilipiwa shilingi 50,400, ukaelekeza watoto waandikishwe kupitia shule. Sababu ilikuwa ya kihesabu na ina mantiki: wazazi walikuwa wakiandikisha watoto waliokwisha kuugua. Mwaka uliofuata, Machi 2024, bei mpya za NHIF zilipoanza, baadhi ya hospitali kubwa binafsi zilisimamisha huduma kwa wanachama wake kwa siku kadhaa. Mnunuzi mmoja mkubwa ana nguvu ya kushusha bei, na nguvu hiyo ni faida kwa sisi tunaochangia. Lakini akikosana na mtoa huduma, ugomvi hauishii mkoa mmoja. Mwanza, Mbeya na Dar es Salaam huamka asubuhi moja na tatizo moja.

Januari 2025 tuliliona hilo kwa ukubwa zaidi. Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje, watumishi wa mikataba waliokuwa wakilipwa kwa fedha za PEPFAR, mpango wa Marekani wa kupambana na UKIMWI, waliambiwa wasimamishe kazi, katika kanda ambako jamii za wavuvi zimekuwa na maambukizi mengi ya VVU kuliko wastani wa nchi. Kubaki kwa dawa stooni peke yake hakusaidii kama aliyekuwa anamfuata mgonjwa kambini na kumkumbusha tarehe ya kliniki hayupo tena. Wengi hulichukulia lile kuwa suala la misaada tu, lakini mimi nalihesabu pia kuwa suala la kutegemea bomba moja. Azimio la Abuja la mwaka 2001 lilizitaka serikali za Afrika zitenge asilimia 15 ya bajeti kwa afya. Tungekuwa tumelitimiza, pigo lile lingetuuma kidogo kuliko lilivyotuuma.

Kisumu wanaishi kwenye ziwa hilihili, wanakula sangara huyuhuyu na kuugua kipindupindu hikihiki, lakini wao walichagua njia nyingine. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 ilipeleka huduma za afya kwa kaunti. Gavana akawa karibu na hospitali, na katika maeneo mengi majengo na magari ya wagonjwa yaliongezeka. Lakini kuanzia Desemba 2016 madaktari waligoma siku 100, na mwaka 2017 wauguzi wakagoma miezi mitano, huku serikali kuu na kaunti zikisukumiana jukumu la kulipa. Wakati huohuo, ununuzi wa dawa uliobaki chini ya chombo cha kitaifa, KEMSA, haukuwa kinga. Mwaka 2020 ukaguzi ulikuta kasoro nzito katika ununuzi wa vifaa vya UVIKO wenye thamani ya shilingi bilioni 7.8 za Kenya. Kwa hiyo Mtanzania anayetaka kuutumia mfano wa Kenya kuutetea upande wake atakuta unampinga pia. Ninachokipenda kwao ni hatua mbili za karibuni: sheria ya mwaka 2023 inayoruhusu hospitali za umma kubaki na fedha zinazokusanya, na mfuko wa pekee wa dharura na magonjwa mazito ndani ya mpango mpya wa bima ulioanza Oktoba 2024. Wanakusanya juu, lakini wanatenga mapema cha dharura.

Nasi tulishapiga hatua ya namna hiyo, tena kubwa. Tangu mwaka wa fedha 2017/18, fedha za Mfuko wa Pamoja wa Afya, unaochangiwa na wafadhili tangu 1999, hupelekwa moja kwa moja kwenye akaunti za vituo badala ya kukaa halmashauri. Zahanati iliyokuwa haijawahi kushika fedha yake ikaanza kuwa na akaunti, kamati ya usimamizi na mpango wake. Nawajua watumishi wanaosema hatua hiyo ilibadilisha hata namna wanakijiji wanavyokiangalia kituo, kwa kuwa mjumbe wa kamati ni jirani yao na wanaweza kumuuliza bati la choo limeishia wapi.

Tatizo liko kwenye vigezo vya mgao. Kanuni ya kugawa fedha kwa halmashauri iliyoanza mwaka 2004 iliipa idadi ya watu uzito wa asilimia 70, umasikini 10, vifo vya watoto chini ya miaka mitano 10, na 10 zilizobaki ni umbali. Umbali huo ulipimwa kwa njia ya gari la afya la wilaya. Wilaya ya Ukerewe ina visiwa 38. Kutoka Bugolora hadi Ukara ni maji. Injini ya mashua hula petroli nyingi kuliko gari kwa umbali uleule, na petroli yenyewe ikifika kisiwani imeshapanda bei kwa sababu nayo imepakiwa na kushushwa. Ziwa likichafuka, safari ya saa moja inakuwa ya kesho. Tangu wakati huo kumekuwa na vigezo vingine kwa ngazi ya vituo, lakini idadi ya watu bado inahesabiwa, na kwa kigezo hicho kituo chenye watu wachache waliotawanyika majini kitapata kidogo hata kama kila mgonjwa wake hugharimu zaidi. Aliyegawa kwa usawa wa kichwa kwa kichwa anaamini ametenda haki. Kwa visiwani hajatenda, na mlipuko ukiingia, pengo hilo ndilo linalopitisha vifo.

Haki ya kijiografia wakati mwingine huhitaji fedha ambazo ni serikali kuu tu inazo. Kwa miaka mingi mgonjwa wa Sengerema aliyepewa rufaa ya Hospitali ya Bugando, Mwanza, alingoja kivuko Busisi, gari la wagonjwa likiwa kwenye foleni. Daraja la Kigongo–Busisi lilizinduliwa tarehe 19 Juni 2025, kwa gharama inayozidi shilingi bilioni 700. Hakuna CHF ya mkoa wowote ingelijenga.

Tukiwa hukohuko Sengerema, upo mpango ambao kwangu ndio jibu bora tulilonalo. M-mama ulijaribiwa Sengerema na Shinyanga, kisha Aprili 2022 ukazinduliwa kitaifa. Mama mjamzito au mtoto mchanga akipata dharura, mtu anapiga 115 bila malipo. Muuguzi wa zamu kwenye kituo cha simu anauliza maswali, anaamua aende kituo kipi, na kama gari la wagonjwa halipo anampigia dereva wa kawaida wa mtaani aliyekwisha kuandikishwa; penye maji huitwa mwenye mashua. Dereva anaondoka. Akimfikisha mama na mpokeaji akathibitisha, analipwa kwenye simu yake. Fedha ni za mfuko mmoja, kumbukumbu ziko sehemu moja na viwango vinajulikana. Lakini uamuzi wa kutumia unafanywa na muuguzi saa nane usiku, hapohapo, bila kuandika barua kwa mtu, na kila safari huacha alama inayokaguliwa. Ubishi wa ufanisi na usawa umetatuliwa pale kwa vitendo, huku kwenye sera tukiendelea kubishana.

Najua pingamizi linalokuja. Fedha za maafa zikikaa chini zitaliwa. Si pingamizi la kubeza. Baada ya tetemeko la Kagera la tarehe 10 Septemba 2016, serikali iliamua michango ielekezwe zaidi kwenye taasisi za umma, na watu wengi waliopoteza nyumba walibaki na uchungu. MV Nyerere ilipopinduka karibu na Bwisya, Ukara, tarehe 20 Septemba 2018 na kuua watu 228, sehemu ya rambirambi ilipelekwa kupanua Kituo cha Afya Bwisya. Yapo mabishano ya kweli katika maamuzi yale. Aliyefiwa anaweza kuuliza kwa haki kwa nini mkono wa pole aliopewa yeye ukageuzwa tofali. Na anayeishi Ukara leo anaweza kujibu kwamba kituo hicho kitawahudumia watoto wa marehemu. Kwangu uamuzi wa Bwisya ulikuwa mzuri. Kinachonisumbua ni kwamba ilibidi mamia ya watu wafe ndipo kisiwa kile kipate fedha ambazo kanuni ya mgao ilipaswa kuwa imezipeleka miaka mingi nyuma.

Kuhusu wizi, nisingependa kujidanganya kwamba watu wa chini ni waadilifu kuliko wa juu. Kamati za vituo nyingine ni dhaifu, wajumbe wengine hawasomi taarifa za fedha, na mwenye zahanati ya watumishi watatu hana mhasibu. Lakini ukubwa wa hasara haufanani. Tabibu aliyepewa masurufu ya dharura ya kununulia dripu na petroli kwa kiwango kilichowekwa anaweza kupoteza kiasi hicho na si zaidi, na kijiji kizima kitajua. Pia hofu ya hoja za ukaguzi imewafanya watumishi waaminifu wawe waoga kuliko wezi. Mwenye nia mbaya hutafuta risiti. Mwenye nia njema husubiri kibali, na wakati anasubiri mtu anakata roho kitandani mbele yake. Utaratibu unaomwadhibu wa pili zaidi ya wa kwanza haulindi fedha za umma.

Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023 inatupa nafasi ya kulirekebisha hili. Muswada wake ulipojadiliwa mwaka 2022, kiwango kilichotajwa cha shilingi 340,000 kwa kaya ya watu sita kiliwashtua wengi, na mazungumzo yakatekwa na swali la nani alipe. Sheria iliyopitishwa imejibu sehemu ya swali hilo kwa kuweka mfuko wa kuwalipia wasio na uwezo, unaotegemea vyanzo kama tozo za vinywaji vyenye kaboni, pombe, vipodozi na michezo ya kubahatisha. Naunga mkono kukusanya hivyo kitaifa. Kilichobaki ni jinsi fedha hizo zitakavyotumika siku wagonjwa kumi watakapoteremshwa mwaloni usiku.

Ningeanza na mambo ambayo hayahitaji sheria mpya. Kila kituo kilicho kisiwani au mwaloni kiwe na kiasi cha dharura kilichokaa tayari kwenye akaunti yake, kinachofunguliwa kwa simu ya mganga mkuu wa wilaya na kutolewa hesabu baadaye, karatasi ya matumizi ikibandikwa ukutani kituoni na kusainiwa na mwenyekiti wa kamati. Wagonjwa wanaotibiwa kwa msamaha wakati wa mlipuko wahesabiwe, na kituo kirudishiwe gharama zao kutoka mfuko wa taifa ndani ya mwezi huo. Na katika kanuni ya mgao, kilomita moja ya majini ihesabiwe kwa gharama yake halisi ya petroli, pamoja na siku ambazo ziwa halipitiki. Waraka wa Wizara ya Fedha na TAMISEMI unatosha kuyaanzisha yote matatu, na ungefaa utoke kabla ya mvua za vuli.